Mama Soko Anajibu: Tangazo Nimelipia, Wanunuzi Wako Wapi?

Mbukwenyi wasomaji wangu. Barua za mwezi huu zimetoka Manyoni, Kibaigwa, Mtumba na Dodoma mjini, na karibu zote zinauliza jambo moja: nitangaze vipi nipate wateja? Nimechukua tano. Zile ambazo naona fedha ya mtu inakwenda kuteketea nimezijibu kwa urefu, nyingine kwa ufupi. Mtanisamehe.

Niseme mapema kwa nini jambo hili linanigusa. Baada ya miaka ya kuuza vitenge pale Soko la Majengo, kazi yangu kubwa siku hizi ni kukaa na vikundi vya akina mama na vijana wanaochukua ile mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mikopo ile haina riba, lakini lazima irudishwe. Namwona mtu anapokea fungu lake, na la kwanza analofanya ni kuchapisha bango na fulana zenye jina la biashara, ndipo aanze kufikiri atauza nini, kwa nani. Siku ya marejesho bango lipo, wateja hawapo. Kwa hiyo nikisema kwa ukali hapa chini, mjue ni uchungu wa mzazi.

Chema chajiuza, mbona changu kimelala?

*Shikamoo Mama Soko. Mimi ni kijana wa Manyoni, nina mashine ya kukamua alizeti. Mafuta yangu ni safi, sichanganyi na kitu chochote. Siku zote nimeamini usemi wa wazee kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo sijawahi kutangaza. Hapa nyumbani nauza vizuri. Sasa nimepeleka madumu ya lita 5 na lita 20 kwenye maduka ya Dodoma, ni mwezi wa pili yamelala. Wenye maduka wananiambia nishushe bei. Nishushe?*
Mkamuaji, Manyoni

Marahaba mwanangu. Usishushe bado.

Nikuulize kwanza. Mama aliyesimama dukani Dodoma, mbele yake lipo dumu lako na madumu mengine ya rangi ileile. Atajuaje kwamba la kwako ndilo safi? Wewe unajua kwa sababu uliziona mbegu zikiingia mashineni. Jirani yako hapo Manyoni anajua kwa sababu anakufahamu, anamfahamu mama yako, na mafuta yakimharibikia anajua aende kugonga mlango gani. Usemi wa wazee unafanya kazi mahali hapo, ambapo mnunuzi anamjua muuzaji. Ukishapita Bahi kuingia Dodoma, hakuna anayekujua.

Na mama yule ameshasikia habari za watu wanaochanganya alizeti na mafuta ya bei rahisi. Kwa kuwa hawezi kutofautisha kwa macho, atafanya moja kati ya mawili. Atachukua mafuta ya kiwandani yenye lebo aliyoizoea, au atachukua yale ya bei ya chini kuliko yote, kwa hesabu kwamba kama ni kupigwa, basi apigwe kidogo. Ndiyo maana wenye maduka wanakuambia ushushe. Wanakueleza wanachokiona kila siku mezani kwao. Mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliliandika jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kutenganisha zima na bovu, hatakubali kutoa bei ya zima, na mwenye gari zima mwishowe huliondoa sokoni. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Wewe umo ndani ya hesabu hiyohiyo. Ukishusha bei leo, unamthibitishia yule mama kile anachokiogopa.

Anza na chombo. Kama unatumia madumu yaliyokwisha kutumika, acha kabisa. Weka lebo yenye jina lako, mahali yalipokamuliwa, tarehe ya kukamua, ujazo, na namba ya simu ambayo ikipigwa inapokelewa. Kisha nenda ofisi ya mkoa wako ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, uombe kuelekezwa namna ya kupata alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango. SIDO humwandikia mjasiriamali mdogo barua ya utambulisho, na wengi hawaendi kwa sababu wanadhani alama ile ni ya viwanda vikubwa peke yake. Alama hiyo inamwambia mgeni yale ambayo jirani yako anayajua bila kuambiwa.

Halafu tenganisha wanunuzi wako, kwa sababu wewe unasema "watu wa Dodoma" kana kwamba ni mtu mmoja. Mkaanga chips anataka dumu la lita 20. Anatazama bei kwa lita, na anatazama povu. Mafuta ya alizeti yasiyosafishwa hutoa povu yakipata moto kwa sababu yamebaki na maji kidogo pamoja na utomvu wa mbegu. Yakiachwa yatulie siku kadhaa mpaka machicha yashuke chini, kisha yachujwe tena kwa kitambaa kizito, povu hupungua. Kama dumu lako la kwanza lilimfurikia kwenye karai mbele ya wateja wake, huyo harudi, na hakuna spika ya kutangazia itakayomrudisha. Kabla ya kusema mafuta yako ni mazuri, kaange mwenyewe chips kwa mafuta hayohayo, karai zima, uone.

Mama wa nyumbani ni mwingine kabisa. Huyo hawezi kuweka fedha ya lita 5 kwa mtu asiyemjua. Anataka nusu lita au lita moja, kwenye chupa angavu aone rangi, anuse, aende akapikie mboga jioni, akipenda arudi kuchukua kubwa. Wewe umempelekea lita 5 na lita 20 tu. Umemwomba akuamini sana siku ya kwanza.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda Dodoma ukachukue sehemu ya mzigo uliolala, maana mafuta yakikaa kwenye joto na mwanga yanachacha, na likinunuliwa dumu lililochacha ndipo utakapoharibikiwa kweli. Yale yaliyo mazima yahamishie kwenye chupa ndogo mpya. Chagua mtaa mmoja, ongea na wakaanga chips wa mtaa huo peke yao. Ukimpa mtu mafuta ya kujaribu, usimuulize kama ni mazuri, kwa sababu kwa adabu zetu atakuambia ni mazuri sana. Muulize: lingine nikuletee lini? Akikutajia siku, umepata mteja. Akisema "nitakupigia", rudi kwenye povu.

Wafuasi elfu nane, wanunuzi wawili

*Habari za kazi Mama Soko. Nashona na kuuza nguo za kike, fremu yangu iko Area C. Instagram nina wafuasi zaidi ya elfu nane. Juzi nimelipia tangazo la shilingi 150,000 kwa wiki moja. Waliopenda picha ni wengi mno, meseji zikamiminika, lakini walionunua ni wawili tu. Wenzangu wanasema fedha ilikuwa ndogo, nipandishe iwe 500,000. Mwezi ujao ni zamu yangu kupokea mchezo, hela itakuwepo. Niiweke?*
Fundi, Area C

Binti yangu, hela ya mchezo usiiweke huko. Si sasa.

Tupige hesabu. Shilingi 150,000 zimekuletea wanunuzi wawili, maana yake kila mmoja umemnunua kwa 75,000. Tuseme kila gauni linakuachia faida ya 25,000 ukishatoa kitambaa, uzi, umeme na kodi ya fremu. Basi kila aliyenunua amekutia hasara ya 50,000. Ukiweka 500,000 kwa mtindo uleule, utapata wanunuzi sita au saba, na hasara itazidi kukua. Fedha zaidi kwenye tangazo linalovuja huvuja zaidi.

Linavuja wapi? Uliniandikia jina la ukurasa wako, nikautazama. Chini ya kila gauni umeandika "bei njoo inboksi". Umelipia fedha ili mwanamke wa Dodoma asimamishe kidole chake kwenye picha yako, amesimama, amependa, na swali lake la kwanza ukakataa kulijibu. Huyo ni mtumishi, yuko mapumziko ya mchana, ana dakika chache. Anakuandikia, wewe upo kwenye cherehani, unajibu saa tatu usiku. Kesho yake ameshapita duka lenye bei ukutani. Na kuna linaloumiza zaidi: bei inayofichwa humfanya mteja ahisi itategemea atakavyoonekana. Andika bei. Kama inaanzia mahali fulani kulingana na kitambaa, andika inaanzia ngapi. Najua mnaogopa washindani. Mshindani anayetaka kuijua bei yako atamtuma mdogo wake dukani, ataijua kabla ya jioni.

Pili, nani aliliona tangazo? Ukibonyeza tu kile kitufe cha kutangaza na kuacha mtandao ukuchagulie, unatafutiwa watu wanaofanana na wafuasi wako. Ingia kwenye takwimu za ukurasa wako wa biashara, utaoneshwa wafuasi wako wanaishi miji gani. Wengi wakiwa Dar es Salaam na Mwanza, basi ulilipia kuwaonesha watu wa Dar es Salaam fremu ya Area C. Mipangilio inakuruhusu kuchagua mji, na hata umbali wa kilomita kutoka sehemu ulipo, na umri. Weka Dodoma. Watakaoliona watapungua sana na utaona kama umepunjwa, lakini hao wanaweza kuja kupimwa.

Hayo ni matengenezo. Jambo kubwa kwangu ni jingine, na ndilo lililonifanya nikujibu kwa kirefu.

Dodoma ya sasa si ile ya kabla ya 2016, serikali ilipotangaza kuhamia huku kwa dhati. Wizara ziko Mtumba, vyuo vimejaa, na tangu Agosti 2024, treni ya SGR ilipozinduliwa rasmi, mtu anatoka Dar es Salaam asubuhi na kuhudhuria kikao hapa mchana. Wanawake wanaofanya kazi kwenye ofisi hizo wana jambo moja ambalo mafundi wengi hawalitazami kama soko: sare. Machi 8, Siku ya Wanawake, inakuja kila mwaka, na kila ofisi inataka kitenge chake. Mei Mosi vilevile. Kitchen party, send-off, kwaya ya Pasaka. Sare haichaguliwi na wafuasi elfu nane. Inachaguliwa na kamati ya akina mama watatu au wanne, na kati yao mara nyingi yuko mmoja ambaye neno lake ndilo la mwisho. Mtafute huyo.

Je, wale wanunuzi wako wawili wanafanya kazi wapi? Umewauliza? Wapigie leo. Usiwaombe chochote, uliza tu gauni limekaaje kiunoni, kama kuna pa kurekebisha warudi bila malipo. Ukishamaliza hilo, uliza ofisini kwao nani anashughulikia sare za Siku ya Wanawake. Ifikapo wiki ya mwisho ya Januari uwe umeshona mfano mmoja kwa kitenge unachojua kinapatikana kwa wingi, una bei ya kichwa kimoja iliyoandikwa, una tarehe ya kupima na tarehe ya kukabidhi. Tarehe ya kukabidhi ndiyo biashara yenyewe. Mafundi wa mji huu wana sifa mbaya ya kumwambia mtu "kesho". Fundi anayekabidhi sare zote Machi 5, zikiwa zimepigwa pasi, atazungumzwa korido zote za jengo lile mpaka mwaka mwingine, na ofisi ya ghorofa ya juu itamtafuta yenyewe.

Hela ya mchezo nunulia vitenge vya mfano na umlipe kijana wa kukusaidia Februari kazi itakapozidi. Baada ya msimu huo, picha za akina mama thelathini waliovaa kazi yako, kwa ridhaa yao, ndizo uziweke Instagram na bei chini. Hapo tangazo litakuwa na la kusema.

Jirani kashusha bei

*Mbukwa Mama Soko. Mimi ni mama lishe huku Mtumba, nauzia watumishi na mafundi ujenzi. Sahani ya wali maharage na mboga nauza 2,500. Jirani yangu kashusha, anauza 2,000, kaandika na ubaoni. Wateja wameanza kuhamia kwake. Mimi nikishusha, si nitauza nyingi zitafidia?*
Mama Lishe, Mtumba

Mbukwa mwenzangu. Hujaniambia sahani moja inakugharimu kiasi gani, na nina wasiwasi hujawahi kuipigia hesabu. Ipige leo usiku: mchele, maharage, mafuta, mkaa, maji, msaidizi, nauli ya sokoni, zote, ugawe kwa sahani.

Mimi nachukua mfano wa 1,800. Ukiuza 2,500 unabaki na 700. Kwa sahani 60 ni shilingi 42,000 kwa siku. Ukishusha iwe 2,000 unabaki na 200. Ili upate 42,000 ileile itakubidi uuze sahani 210. Utaniambia ukipika nyingi gharama ya sahani inashuka, kwa kuwa mkaa na msaidizi havipandi kwa kasi ileile. Kweli. Tuseme inashuka mpaka 1,700. Bado ni sahani 140, zaidi ya mara mbili ya sasa, na zote zinatakiwa ndani ya lile saa moja la mchana. Una masufuria hayo? Una viti hivyo? Punguzo la 500 linaonekana dogo kwa sababu tunalipima kwa bei. Lipime kwa faida, uone ni sehemu gani ya mkate wa watoto wako.

Sasa, nani hasa amehama? Simama siku mbili utazame. Nadhani ni mafundi ujenzi, kwa kuwa kwao 500 kwa siku ni fedha, na wanachotaka ni kushiba. Kama ni hao, usimshushie kila mtu bei kwa ajili yao. Pika sahani nyingine: ugali wa dona, mlenda wetu wa Kigogo, dagaa kidogo, uuze 2,000 na bado upate faida inayoeleweka. Mlenda hapa haukugharimu kitu kikubwa, na mtu aliyebeba zege tangu asubuhi akila ugali ule hatauliza wali.

Mtumishi haendi kwa jirani yako kwa ajili ya 500 kwa siku za mwanzo za mshahara. Huyo anakimbizwa na foleni, nzi, na kukosa chenji. Weka namba ya kulipia kwa simu ukutani kwa maandishi makubwa. Pokea oda kwa meseji mpaka saa nne na nusu asubuhi, chakula kiwe kimefungwa saa saba kasoro. Na mshahara unapotoka, muuzie kadi ya sahani kumi, alipe mara moja, uwe unatoboa tundu kila anapokula. Kadi hiyo inakupa mtaji wa mchele wa jumla, na katikati ya mwezi, mifuko inapokauka, bado anakula kwako kwa sababu ameshalipa. Afadhali hiyo mara mia kuliko daftari la madeni, ambalo limeua magenge mengi niliyoyapenda.

Logo ya laki tatu

*Mama, natengeneza siagi ya karanga Kibaigwa. Kijana mmoja wa matangazo anasema bila logo ya 300,000 biashara haitakua. Ni kweli?*
Msindikaji, Kibaigwa

Si kweli, mwanangu. Chagua jina, angalia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama halijachukuliwa, lisajili. Ujue kwamba kusajili jina la biashara ni kitu kimoja na kusajili alama ya biashara ni kitu kingine, ingawa vyote vinafanyika BRELA. Andika jina hilo kwa herufi zinazosomeka kwenye lebo, inatosha kwa kuanzia.

Laki tatu yako ipeleke kwenye maturubai ya kuanikia, vichanja vya kuinua magunia yasiguse sakafu, na kupima karanga zako sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na karanga zisizokaushwa vizuri huipata vilevile. Wanaonunua siagi ya karanga wengi wananunulia watoto. Mama akijua kwamba wewe unapima, na ukaweza kumwonesha karatasi ya majibu, ataniambia mimi, mimi nitamwambia mwingine.

Namba elfu mbili za simu

*Vipi Mama. Nauza raba na viatu vya mtumba. Zamani nilikuwa naweka chini karibu na kituo cha daladala, sasa nina kizimba ndani ya soko, ndani kabisa, watu hawafiki. Nimepata namba 2,000 za simu kwa jamaa fulani. Nataka kuwatumia wote meseji na kuwaunga kwenye grupu la WhatsApp. Nianze na maneno gani?*
Muuza raba, Dodoma

Salama mwanangu. Usianze na neno lolote. Zifute.

Watu hao hawakukupa namba zao. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na namba ya simu ya mtu ni taarifa yake binafsi. Huwezi kuichukua kwa jamaa fulani ukaifanyia biashara. Lakini hata kama sheria isingekuwepo ningekuambia hivyohivyo. Wewe ukiamka asubuhi ukakuta umeunganishwa kwenye grupu la mtu usiyemjua, unafanya nini? Unatoka, na wengine wanaripoti. Namba ikiripotiwa na wengi, WhatsApp huifungia, na hapo utapoteza hata wateja ulionao. Ile njia ya kutuma ujumbe mmoja kwa orodha nzima nayo haitakusaidia: unamfikia tu yule aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Mtandao wenyewe unakutaka uwe na watu wanaokujua.

Ulipokuwa kituoni, wateja hawakuwa wamekufuata wewe. Walikuwa wanasubiri daladala, raba zikawa miguuni pao. Usihuzunike, ndivyo ilivyo kwa kila aliyeuza barabarani, na wengi hawakuligundua mpaka walipohama. Kizimba cha ndani hakina wapita njia, kwa hiyo mtu anayekuja lazima awe na sababu ya kutembea mpaka huko. Sababu hiyo unayo na hujaitumia: miguu ya watu ina namba.

Nunua daftari. Kila anayenunua, hata jozi moja, muulize kama anapenda ujulishwe mzigo ukija. Akikubali, andika jina, simu, namba ya kiatu, na anachopenda: 42, raba nyeupe; 39, viatu vya ofisini, kisigino kifupi; 36, mtoto wa sekondari, nyeusi za shule. Mwambie ahifadhi namba yako pale pale, mbele yako, aandike "raba" pembeni ya jina ili akukumbuke. Muulize pia amekujuaje, nawe uandike. Mwezi mmoja wa majibu hayo utakufundisha kuliko bango lolote, kwa sababu utajua ni rafiki aliyemleta, ni yule dada wa juisi aliye mlangoni, au ni picha uliyoweka status. Kama ni dada wa juisi, ongea naye vizuri, umpe raba ya mwanawe.

Belo lijalo ukilifungua, kabla hujapanga mezani, toa zilizo bora uzipige picha kwenye mwanga wa nje. Tafuta kwenye daftari wanaovaa 42, watumie 42 peke yake, bei ikiwa imeandikwa, na muda utakaomwekea kabla hujaiweka mezani. Saa ishirini na nne zinatosha. Wa 39 asipate picha ya 42 hata siku moja, maana akisumbuliwa mara mbili kwa kiatu kisichomwingia hatafungua ya tatu. Maelekezo ya kufika mpe kwa alama: mlango wa upande gani, apite kwa nani, akunje wapi. Akifika na akajaribu, kabla hujamfungia mfuko, muulize nyumbani kwake nani mwingine anavaa namba gani.